Somo la Kiingereza: Sloping na Steep

Leo tutajifunza maneno mawili yanayoeleza mahali palipoinama. La kwanza ni sloping, litamke “slouping'”. La pili ni steep. Litamke “stiip”, ukiivuta sauti ya i.

Sloping hueleza kitu chochote kilichoinama upande mmoja, kidogo au sana. Paa la nyumba limeinama ili maji ya mvua yatiririke. Hilo ni a sloping roof. Steep hueleza kitu kilichoinama sana, hata mwenye kupanda huhema, na mwenye kushuka hujizuia asianguke.

Ninyi wa Newala na Masasi mna mifano mbele ya macho yenu. Uwanda wa juu wa Makonde huanza chini karibu na pwani ya Mtwara, ukainuka polepole kwa zaidi ya kilometa 100 mpaka Newala. Ardhi hiyo ni sloping. Lakini simama Newala, pale paitwapo Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma. Hapo ardhi hukatika ghafula. Hapo ni steep. Hali kadhalika vilima vya mawe vya Masasi. Sema: Mtandi Hill is steep.

Sasa angalieni tofauti na Kiswahili. Zamani, kabla ya maji ya bomba, kina mama wa Newala walishuka ukingo wa uwanda kuteka maji bondeni. Wakienda na mtungi mtupu, njia ilikuwa mteremko. Wakirudi na mtungi umejaa kichwani, njia ilikuwa mpando. Kumbe njia ni ile ile! Kiswahili hutazama mtu anakokwenda; neno steep hutazama njia yenyewe. Kwenda na kurudi, the path is steep.

Je, kuna faida gani kuyatenga maneno haya? Tuseme umepata karatasi ya kilimo iliyoandikwa: Do not cultivate steep land. Maana yake, usilime penye mteremko mkali. Anayedhani ni kila mahali palipoinama ataacha shamba zuri bure. Asiyelijua neno atalima ukingoni, na mvua kubwa itauchukua udongo wa juu wenye rutuba, wala hautarudi. Penye mteremko wa pole waweza kulima, ila piga matuta ya kuukingama mteremko, si ya kuufuata, ili maji yatulie na kuingia ardhini.

Tena, ukisikia dukani the price is steep, usifurahi ukidhani bei inateremka. Maana yake ni ghali mno!

Zoezi: Tazama njia ya kwenda shambani kwako. Je, ni sloping au steep? Andika sentensi moja ya Kiingereza, umsomee jirani yako. Kwaherini.