Mafuta Yaliyowekwa Ndani ya Jicho: Kumbuka Tarehe, Tunza Karatasi

(Mazungumzo ya muuguzi wa macho, yaliyotolewa Bujumbura mbele ya wakimbizi na wahudumu wa afya wa kambi)



Leo sitazungumza juu ya mtoto wa jicho, kwa sababu habari zake mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Nataka kuzungumza juu ya watu wachache zaidi, ambao jicho lao liliokolewa na sasa linaweza kupotea mara ya pili. Hao ni watu waliopasuliwa na kuwekewa mafuta ndani ya jicho, halafu vita vikawahamisha kabla mafuta hayajatolewa.

Kwanza tuelewane mafuta yenyewe ni nini. Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Huo ndio unaopokea mwanga. Ukibanduka, kama karatasi ya ukutani iliyoingia maji, mtu huona vimulimuli, kisha vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, kisha kama pazia linateremka upande mmoja. Hakuna maumivu, na hiyo ndiyo hatari yake, maana wengi hungoja. Unaweza kubanduka kwa kupigwa ngumi au fimbo, kwa ugonjwa wa sukari, au kwa mtu aliyekuwa na miwani mizito tangu utoto. Ukiona pazia hilo, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Daktari wa retina hutoa ute ulio katikati ya jicho, huurudisha utando mahali pake, halafu huweka kitu cha kuushikilia mpaka ushike. Kitu hicho ni hewa ya aina maalumu au ni mafuta ya silikoni. Hewa hiyo huisha yenyewe baada ya muda, lakini mwenye nayo haruhusiwi kupanda ndege wala kwenda mahali pa juu, kwa sababu hupanuka na kulibana jicho. Fikirini mtu anayetoka hapa Bujumbura, kando ya ziwa, akapanda gari la Bugarama: barabara hiyo humpandisha zaidi ya mita 1,000. Mafuta hayapanuki namna hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa mbali, au asiyeweza kurudi upesi, mara nyingi huwekewa mafuta. Lakini mafuta hayaishi yenyewe. Yanakaa humo mpaka mtu ayatoe kwa upasuaji wa pili, na mara nyingi daktari hupanga hivyo baada ya miezi 3 hadi 6.

Tuseme mtu alipasuliwa jicho, akaambiwa arudi baada ya miezi 4. Mwezi wa pili risasi zikaanza. Mwaka 2025 wengi wenu mlivuka Rusizi bila hata begi, seuze karatasi ya hospitali. Sasa anaona kidogo, hana maumivu, anasema, "Jicho langu lilipona." Hajui kwamba kuna kazi iliyobaki nusu.

Nini hutokea mafuta yakikaa mno? Chukua chupa, tia maji na mafuta kidogo, itikise. Utaona mafuta yamekatika vitone vidogo vidogo. Ndani ya jicho pia, jinsi jicho linavyocheza kutwa, mafuta hukatika polepole. Vitone hivyo huenda mbele na kuziba njia ndogo ambayo maji ya jicho hutokea. Presha ya jicho hupanda, na presha hiyo huua mshipa wa kuonea. Mshipa huo ukifa haurudi. Mafuta yanaweza pia kuleta mtoto wa jicho, na yakigusa kioo cha mbele kwa muda mrefu kioo hicho huwa cheupe. Kwa kuwa mafuta haya ni mepesi kuliko maji, huelea. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asilale chali: akilala chali, mafuta huja mbele.

Hapa ndipo unapoingia ubora wa mafuta. Mafuta ya silikoni yana ndugu wengi. Mengine hutiwa katika mashine, mengine katika vipodozi vya nywele. Hayo hayaingii jichoni hata siku moja. Ya jichoni husafishwa sana ili kuondoa chembe fupi fupi, kwa kuwa hizo ndizo zinazosaidia mafuta kukatika vitone upesi na kulisumbua jicho. Mtu wa kwanza kujulikana kwa kuyatumia kwa retina ni Paul Cibis wa Marekani, mwaka 1962. Mafuta ya siku zile hayakuwa safi kama ya leo, madhara yakaonekana, na madaktari wengi wakayaacha kwa miaka. Yalirudi baadaye, yakiwa yamesafishwa vizuri na vyombo vya upasuaji vikiwa bora, na serikali ya Marekani iliyaruhusu rasmi mwaka 1994. Siku hizi pakiti huandikwa namba ya uzito wake, zaidi 1000 au 5000. Yale ya 5000 ni mazito zaidi na hukawia kukatika, lakini ni magumu kuyaingiza na kuyatoa. Hakuna haja ya mgonjwa kuchagua. Daktari ndiye anayejua. Ila namba hiyo iandikwe kwenye karatasi yako.

Iandikwe pamoja na nini? Jicho gani, la kulia au la kushoto. Tarehe ya upasuaji. Jina la mafuta. Namba ya toleo iliyo kwenye pakiti. Mara nyingi ndani ya pakiti kuna vibandiko vidogo vyenye maandishi hayo. Omba kimoja kibandikwe kwenye kitabu chako. Si utovu wa adabu kuomba.

Mtaniuliza namba ya toleo ina faida gani kwa mkimbizi. Sikilizeni yaliyotokea Hispania mwaka 2015. Kulikuwa na maji mengine, si silikoni, ambayo daktari huyatumia wakati wa upasuaji kuulaza utando, kisha huyatoa. Maji hayo yalikuwa na cheti chake cha Ulaya, sawasawa kabisa. Hata hivyo makumi ya wagonjwa walipofuka, wengine kabisa, kwa sababu baadhi ya matoleo yalikuwa na uchafu wenye sumu. Kipimo cha kiwandani kilikuwa hakigusishi maji yenyewe na chembe hai. Watafiti wa Valladolid walipoyagusisha moja kwa moja, chembe zilikufa. Namba za toleo ndizo zilizowawezesha kujua ni chupa zipi ziondolewe na ni wagonjwa gani watafutwe. Kwa hiyo cheti ni lazima, lakini cheti peke yake hakitoshi.

Jambo jingine: kichupa kimoja ni cha jicho moja. Yanayobaki hutupwa, hata kama ni ghali na hata kama mgonjwa mwingine anangoja. Najua inauma katika nchi zetu ambako kila kitu ni haba. Lakini kichupa kilichofunguliwa si safi tena, na vijidudu ndani ya jicho huliharibu kwa siku chache.

Nimeulizwa na mama mmoja: mwanangu ana mafuta jichoni, haoni vizuri, nimnunulie miwani sokoni? Mama, ngoja. Mafuta hubadilisha nguvu ya jicho. Yakitolewa, miwani hiyo haitafaa.

Mzee mmoja ameuliza kama kila mtu lazima atolewe mafuta. Hapana. Kuna macho ambayo daktari huamua kuyaacha nayo, kwa kuwa retina ingebanduka tena. Hata yakitolewa kwa wakati, wengine hubandukwa tena. Lakini uamuzi huo ni wa daktari aliyelitazama jicho, si wa barabara iliyofungwa. Na anayebaki na mafuta lazima apimwe presha ya jicho kila mara.

Kama una mafuta jichoni, au jirani yako anayo, nenda kituo cha afya cha kambi wiki hii, hata kama karatasi zimepotea. Mwambie muuguzi, "Niliwekewa mafuta ndani ya jicho," mji uliopasuliwa, na mwezi, hata kwa kukadiria. Akuandikie rufaa ya macho. Jicho likiuma, likiwa jekundu, ukitapika na kichwa kikiuma upande huo, au ukiona mstari mweupe sehemu ya juu ya mboni, usingoje wiki: nenda leo. Na njiani usitie dawa ya majani wala matone ya kuazima.