Nguvu za Umeme Zipoteazo Njiani

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari ya jambo lisumbualo nyumba nyingi za Nyakatuntu. Mtu ana betri nzuri ya kutunza umeme wa jua, lakini taa ya jikoni, ng'ambo ya migomba, yawaka hafifu. Husema betri imechoka, akauza mbuzi anunue nyingine. Taa nayo yabaki vile vile.

Kosa mara nyingi li katika waya. Umeme una msukumo, upimwao kwa volti. Una mkondo, upimwao kwa ampea. Na waya wenyewe una kizuizi, kipimwacho kwa omu. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, kizuizi huzidi. Msukumo ukizidishwa kwa mkondo, twapata nguvu, yaani wati.

Na tuseme betri ni ya volti 12, mkondo ni ampea 2, na waya, kwenda na kurudi, una omu 1. Betri yatoa wati 24. Lakini ampea 2 zikipita katika omu 1 hupoteza volti 2. Na volti 2 kwa ampea 2 ni wati 4, zilizogeuka joto la bure. Taa yapata wati 20. Hasara hiyo yavumilika.

Sasa mwenye nyumba aongeza taa hata mkondo wawa ampea 4. Wanafunzi wetu hujibu upesi kwamba hasara ni wati 8. Sivyo! Volti zipoteazo ni 4, na ampea nazo ni 4: wati 16 zimepotea katika 48. Mkondo umezidi mara mbili, hasara mara nne. Kanuni hii Mwingereza James Joule aliitangaza mwaka 1841.

Basi mbuzi na abaki zizini. Sogeza betri karibu na jiko, au nunua waya wenye shaba mara mbili; kwa mkondo ule ule hasara itakuwa wati 8.

Mafundi wa njia ndefu hutumia pia hila nyingine. Kwa miaka mingi Kagera yetu ilipata umeme wa Uganda, kutoka Masaka hata Kyaka, kwa volti 132,000. Msukumo ukiongezwa mara kumi, nguvu zile zile huchukuliwa na mkondo mdogo mara kumi, na hasara katika waya ule ule hupungua mara mia. Karibu na nyumba msukumo hupunguzwa tena, maana volti nyingi hivyo huua.