Programu ni yenu, lakini akaunti ni ya nani?

Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wetu wanaotengeneza programu za simu wanalijua vizuri, lakini wanaowalipa kazi hiyo mara nyingi hawalijui kabisa. Nalo ni akaunti ya mtengenezaji wa programu, yaani mlango ambao programu hupitia ili iingie katika maduka makubwa ya mtandaoni na kuwafikia watu. Ninalileta kwenu kwa sababu ugomvi mwingi ninaousikia kati ya vijana hao na waajiri wao hautokani na kazi mbaya. Unatokana na mlango huo.

Tuanze na maduka yenyewe. Apple ilifungua duka lake la programu mwezi Julai 2008, na miezi mitatu baadaye Google ikafungua la kwake kwa ajili ya simu za Android, ambalo tangu 2012 linaitwa Google Play. Kila duka lina kiingilio. Google hutoza dola 25, mara moja tu. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, na ada isipolipwa programu zako huondolewa dukani, ingawa waliokwisha kuziweka katika simu zao huweza kuendelea kuzitumia. Zaidi ya fedha, maduka yote mawili hutaka kujua wewe ni nani. Mtu binafsi hutakiwa kuthibitisha jina lake. Kampuni au chama hutakiwa pia kuwa na namba ya D-U-N-S, yenye tarakimu 9, inayotolewa na kampuni ya Dun & Bradstreet ya Marekani, ili ijulikane kwamba shirika hilo lipo kweli.

Hapo ndipo njia ya mkato inapoanzia. Tuseme chama cha akiba na mikopo kinataka programu ya kuwaonyesha wanachama hesabu zao. Kamati inamtafuta kijana hodari, inapatana naye bei, naye anaanza kazi. Siku ya kuipeleka programu dukani inapofika, chama hakina akaunti, hakina kadi ya kulipia, na ile namba ya tarakimu 9 haijaombwa. Kijana anasema, "Msihangaike, wazee, nitaiweka kwenye akaunti yangu." Kila mtu anafurahi. Miaka miwili baadaye kijana amepata kazi nchi nyingine, au wamekosana juu ya malipo, na programu inahitaji kurekebishwa. Je, nani atafungua mlango?

Wengine watasema kwamba chama kitafute fundi mwingine. Fundi atapatikana, lakini hatafika mbali. Kila programu ya Android ina jina lake la utambulisho, ambalo halibadiliki baada ya kuingia dukani. Kila toleo jipya ni lazima litiwe sahihi kwa ufunguo unaotambuliwa na simu. Simu ikiona sahihi ngeni inalikataa. Kwa hiyo fundi mpya asiye na ruhusa katika akaunti ya kwanza atalazimika kuweka programu nyingine, yenye utambulisho mwingine, na wanachama wataombwa mmoja mmoja waifute ya zamani na kupakua hiyo mpya. Ni kweli kwamba maduka yote mawili huruhusu programu kuhamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine, na watumiaji wake huhama nayo. Lakini anayeanzisha uhamisho ni mwenye akaunti ya kwanza, yule yule mliyekwisha kugombana naye.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ni mali, na daftari lake ni akaunti. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayejenga nyumba kwa fedha zake halafu akakubali hati ya kiwanja iandikwe jina la mwashi.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nawalaumu vijana. Anayeishikilia akaunti mara nyingi si mwizi, ni mdai. Amefanya kazi miezi mitatu, amelipwa nusu, na kila akiuliza anaambiwa mhasibu amesafiri. Akaunti ndiyo kitu pekee alichobaki nacho mkononi. Kwa hiyo dawa ya ugomvi huu ni pande mbili. Chama kifungue akaunti yake mapema, siku ile ile mkataba unapotiwa sahihi, na kijana alipwe kwa hatua zilizoandikwa. Asiyelipa mshahara wa fundi asishangae fundi akiondoka na funguo.

Sasa tuje kwenye kuunganisha akaunti, maana hapa pia watu huumia. Siku hizi zipo huduma za mtandaoni zinazoikusanya programu na kuipeleka dukani kwa niaba yako, nazo huomba ziunganishwe na akaunti yako. Wengine hutoa neno la siri la akaunti nzima, kama mtu anayempa mpagazi funguo za sanduku la fedha ili apandishe mzigo. Haina haja. Google hukuwezesha kutengeneza faili la ufunguo kwa ajili ya huduma hiyo tu, na ukauwekea mipaka, kwa mfano upeleke matoleo ya majaribio lakini usiguse hesabu za fedha. Apple nayo hutoa ufunguo wa namna hiyo, na faili lake hupakuliwa mara moja tu; likipotea, unaufuta ule ufunguo na kutengeneza mwingine. Kwa watu ni vivyo hivyo. Mwalike fundi kwa barua pepe yake mwenyewe, mpe ruhusa zinazotosha kazi yake, na akimaliza liondoe jina lake. Mlango unabaki wenu, na yeye hana lawama.

Jambo la tatu ni majaribio. Google imeweka sharti kwa akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023. Kabla ya kuruhusiwa kuitoa programu kwa umma, mwenye akaunti hutakiwa kuwa na kundi la wajaribu waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20. Desemba 2024 idadi ikapunguzwa hadi 12. Akaunti za mashirika hazibanwi na sharti hilo, na hiyo ni sababu nyingine ya chama kuwa na akaunti yake. Upande wa Apple, programu ya majaribio iitwayo TestFlight huruhusu wajaribu wa nje hadi 10,000, na kila toleo la majaribio hudumu siku 90.

Nimewasikia vijana wakilalamika kwamba watu 12 ni wengi mno kwa mtu anayeanza peke yake. Nawaelewa. Lakini siwaungi mkono wanaonunua wajaribu mtandaoni, watu wanaoiweka programu katika simu zao kwa malipo na wasiifungue tena. Chama cha akiba kina wanachama. Mchukueni mama mwenye simu ya bei ndogo, mzee asiyeona vizuri, na mkulima anayeishi mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Watu hao 12 watakufundisheni katika majuma mawili mambo ambayo fundi, mwenye simu mpya na mtandao wa kasi, hatayaona mwaka mzima.

Mwisho, neno kwa vijana. Msiazime wala kuuza akaunti zenu, hata mkipewa dola ngapi. Anayetafuta kukodi akaunti ya mwingine, mara nyingi ya kwake imekwisha kufungwa kwa kuvunja masharti. Akivunja tena katika akaunti yako, itakayofungwa ni ya kwako, pamoja na programu zote zilizomo. Na Google huzifunga hata akaunti nyingine inazoona zina uhusiano na ile iliyofungwa. Kwa malipo ya siku moja utakuwa umeuza jina utakalolihitaji kwa miaka mingi.

Ndugu wasikilizaji, kamati yoyote inayofikiria kuagiza programu na ijiulize maswali manne kabla ya kutoa shilingi ya kwanza: akaunti ni ya jina la nani, barua pepe yake inasomwa na nani, funguo zimehifadhiwa wapi, na fundi atalipwa lini fedha yake ya mwisho. Majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba, na nakala yake abaki nayo kila upande. Kwa leo naishia hapo.