Huyu Mtoto Hakojoi, Anavuja

(Maneno ya Kamati ya Fedha katika chakula cha hisani, Dar es Salaam)



Sisi wa kamati ya fedha tumeombwa tueleze kwa nini bajeti ya kituo cha afya mwaka huu ina vitu vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa cha kupigia picha. Tutaeleza kwa habari za mtoto mmoja wa kwetu. Wazazi wake wameturuhusu, ila jina tumeliacha.

Alizaliwa njiti, wiki ya 33, kilo 1.6. Mama alifundishwa kumbeba kifuani kwa njia ya kangaruu, maziwa yakapitia mpira wa puani, na kila mtu akashughulika na joto na pumzi. Siku ya tatu bibi yake alisema, "Huyu mtoto hakojoi, anavuja." Akajibiwa kuwa nepi imelowa, basi anakojoa. Siku ya tisa tumbo lilikuwa limejaa, homa imepanda na maziwa hayakai. Gari la wagonjwa halikuwepo, kwa hiyo alishushwa mlimani hadi Same kwa gari la tangawizi, kisha akapelekwa Moshi.

Shida yake ilikuwa hii. Baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa na vijitando ndani ya njia ya mkojo. Mkojo ukishuka, vijitando hutanuka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, vikaziba njia. Kibofu husukuma hadi ukuta wake unanenepa, na mkojo hurudi nyuma kuelekea kwenye figo. Ni tatizo la nadra. Hukadiriwa kumpata mvulana 1 kati ya 5,000 hadi 8,000. Wasichana hawalipati.

Kwa njiti linajificha vizuri, kwa sababu kila dalili ina maelezo mengine yaliyo tayari. Akipumua kwa shida, tunasema mapafu hayajakomaa. Kumbe sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na maji hayo yakipungua mapafu nayo hayakui vizuri. Akipata homa, tunasema njiti hushikwa na maambukizi upesi, na ni kweli. Kipimo cha damu cha kreatinini, kinachopima kazi ya figo, siku mbili za mwanzo hakitoshi, kwa kuwa bado kinaonyesha zaidi hali ya figo za mama. Na nepi iliyolowa ndiyo inayodanganya kuliko vyote: kibofu kilichojaa hufurika kama pipa chini ya mchirizi wa bati, matone yakapita huku pipa limebaki limejaa. Bibi aliliona hilo bila mashine yoyote.

Tuliwauliza wataalamu nini kingefanyika palepale kituoni. Jibu lilitushangaza kwa udogo wake. Muuguzi aweke mkono chini ya kitovu ahisi kama kuna uvimbe mgumu. Amtazame mtoto akikojoa: mkojo unaruka au unadondoka? Apime nepi kabla na baada. Hapa wahasibu tulifurahi, maana hiyo ni leja kabisa: gramu 1 iliyoongezeka ni mililita 1 ya mkojo. Baada ya siku ya kwanza, mtoto wa kilo 1.6 anatarajiwa atoe angalau mililita 1 kwa kila kilo kwa saa, yaani kama 38 kwa siku nzima. Lakini leja peke yake haitoshi, kwa sababu ya lile pipa. Lazima mkono na jicho viwepo.

Akishukiwa, mtu aliyefundishwa hupitisha mpira mwembamba wa kulishia, namba 5, hadi kwenye kibofu. Mpira wa mkojo wa watu wazima haufai. Ultrasaundi huonyesha kibofu kinene na figo zilizovimba. Dawa ya maambukizi huchaguliwa kwa uangalifu, maana gentamisini, tunayoitegemea sana kwa watoto wachanga, hutoka mwilini kupitia figo hizo hizo. Na njia ikifunguka, hatari haijaisha: mkojo unaweza kumwagika kupita kiasi, ukaondoka na maji na chumvi. Ndiyo maana apewe rufaa mapema, mpira ukiwa umeshawekwa.

Moshi walianza na mpira huo. Kamera ya upasuaji haikuweza kupita kwenye njia nyembamba vile, wakafungua kitundu chini ya kitovu, mkojo ukawa unatokea hapo kuingia kwenye nepi. Mama alikuwa akimfunika hata kwa majirani. Mtoto alipokua, vijitando vilichomwa na kitundu kikafungwa.

Sasa ana miaka minne na mdomo mwingi. Lakini figo zake hazina nguvu kamili, na wazazi wameambiwa zinaweza kudhoofika zaidi atakapokua. Hatusemi zile siku sita ndizo zilizofanya yote. Madaktari walisema madhara yalianza tumboni. Tunasema siku hizo zilikuwa zetu.

Kwa hiyo bajeti ina mizani miwili ya kusoma gramu, mipira myembamba ambayo bei ya mmoja haipishani sana na soda iliyo mbele yako, mafunzo kwa wauguzi wawili, na akiba ya mafuta ya gari la wagonjwa isiyoguswa kwa safari za mikutano. Ultrasaundi ndogo, ambayo itawafaa pia wajawazito, itafuata fedha zikitosha, na haitanunuliwa kabla ya kupatikana mtu wa kuitumia. Mwanachama aliyetaka mashine yenye kibao cha jina lake tumemwambia kwa heshima kwamba mpira hauna pa kubandika kibao.

Fomu za ahadi ziko nyuma ya kijitabu hiki. Kila mchango utapata stakabadhi, na matumizi yatasomwa nyumbani, mbele ya kituo, mwezi wa Desemba tutakapopanda wote.