Daftari la Farasi wa Vita

Natumaini kila mtu amekwisha kaa, na penseli yake imechongwa. Wiki iliyopita tulijifunza kuandika jina la mtu, kitu chake na bei yake katika mstari mmoja. Leo nitawaeleza habari za watu walioandika mstari wa namna hiyo hiyo zamani sana, nao waliandika juu ya farasi wa jeshi.

Mji wenyewe ni Athens, katika nchi ya Ugiriki, na wakati wake ni kama miaka 350 kabla ya Kristo, na miaka mia iliyofuata. Mwanzoni mwa wakati huo hesabu kamili ya askari wapanda farasi ilikuwa watu 1,000. Waligawanywa katika mafungu 10, kila fungu na mkuu wake, na juu yao wote walikuwa majemadari wawili.

Sasa sikilizeni vizuri. Farasi wale hawakukaa katika zizi la serikali. Kila mpanda farasi alikuwa na farasi wake, akamtunza kwake nyumbani. Serikali ilimkopesha fedha za kumnunua, ikampa na posho ya chakula cha mnyama. Lakini vitani farasi huchomwa mkuki akafa. Je, hasara ni ya nani? Na mtu akisema, "Farasi wangu aliyekufa alikuwa wa drakma 1,000," nani atajua kama asema kweli? Drakma ilikuwa fedha yao. Kibarua alipata drakma moja, au moja na nusu, kwa siku. Basi pigeni hesabu wenyewe: farasi mmoja kama huyo ni ujira wa kibarua wa karibu miaka miwili, au zaidi. Watu hugombana kwa fedha ndogo kuliko hizo.

Dawa yao ilikuwa kuandika. Walichukua kipande chembamba cha risasi. Sisemi risasi ya bunduki, ila madini yenyewe, ambayo ni laini hata mtu aweza kuyachora kwa ncha ya chuma. Juu yake waliandika rangi ya farasi, chapa yake, na thamani yake. Kisha walikikunja kile kipande, na upande wa nje likaandikwa jina la mwenyewe. Hawakuandika zaidi. Nje: "Cha Fulani." Ndani: "Mweusi, chapa ya kichwa cha ng'ombe, drakma 700."

Ngojeni kidogo hapo kwenye chapa. Farasi weusi ni wengi, na mtu mjanja aweza kuonyesha farasi mzuri siku ya ukaguzi, kisha akaenda vitani na mwingine dhaifu. Chapa ilichomwa kwa chuma cha moto, kama wafugaji wanavyochoma ng'ombe, na haifutiki. Nyingine ilikuwa picha, nyingine herufi moja. Farasi asiye na chapa, karani aliandika kwamba hana. Mimi napenda sana jambo hilo. Nafasi tupu mtu mwingine aweza kuijaza kesho.

Thamani zilizoandikwa ni kuanzia drakma 100, na hakuna iliyozidi 1,200. Nazo ziliandikwa upya kila mwaka, kwa sababu farasi huzeeka. Wako watu ambao vipande vyao zaidi ya kimoja vimeonekana, na farasi yule yule bei yake imeshuka. Bila shaka mwenyewe hakufurahi! Lakini kama angelipwa bei ya ujana kwa farasi mzee, hazina ya mji ingepunjwa.

Ukaguzi ulikuwa kazi ya Baraza la mji, lenye watu 500. Mtu mwenye farasi mzuri akimtunza vibaya, alitozwa katika posho ya chakula. Farasi asiyeweza kufuata wenzake, au asiyekubali kukaa katika mstari, alichomwa alama ya gurudumu kwenye taya, na kazi yake ya jeshi ikaisha. Jemadari mmoja wa zamani, Xenophon, aliandika kitabu cha kuwaongoza wakuu wa wapanda farasi. Humo ashauri farasi wasimame juu ya mawe ili kwato ziwe ngumu, maana hawakuwa na viatu vya chuma.

Tumejuaje haya? Mwaka 1965 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vipande zaidi ya 500 ndani ya kisima cha zamani mjini Athens, na mwaka 1971 wakakuta vingine zaidi ya 100 katika kisima kingine. Vingi vilikuwa bado vimekunjwa. Huenda vilitupwa vilipokwisha andikwa vipya. Wataalamu wengi wanaona vilikuwa ushahidi wa kumlipa mtu aliyefiwa na farasi vitani.

Haya, kazi ya leo. Kunjeni karatasi. Nje andika jina lako. Ndani andika mnyama wako mmoja, au baiskeli: rangi, alama, na thamani ya mwaka huu, si ya mwaka ulioinunua. Kama hakuna alama, andika "hakuna alama." Kisha mpe jirani yako aisome, aseme kama angeweza kukitambua kitu hicho sokoni katikati ya vingine. Akishindwa, ongeza neno moja. Wiki ijayo tutasoma stakabadhi ya duka. Kwaherini.