Tulinde Agano la Ndoa





Tumeombwa, sisi watu wa ndoa, kusema maneno machache katika furaha ya yubile yetu. Kadiri ya kitabu cha Walawi, sura ya 25, yubile ulikuwa mwaka wa kuwafungua watumwa, na kila mtu kurudi kwa jamaa yake. Basi tujiulize: ni nani kati yetu aliye mbali na nyumba yake?

Nabii Malaki, katika sura ya 2, aliwaona watu wakiijaza altare machozi, kwa kuwa Mungu hapokei tena sadaka zao. Akawaeleza sababu: Mungu alikuwa shahidi kati ya mwanamume na mke wa ujana wake, naye mwanamume amevunja agano. Nabii hakutazama uzuri wa nyimbo. Alitazama nyumbani.

Mfalme Daudi alibaki Yerusalemu, jeshi lake likipigana mbali. Jioni moja akatembea juu ya paa, akatazama, akatamani. Jicho likazaa uzinzi, uzinzi ukazaa uongo, na uongo ukamwua Uria. Lakini Yozefu, nyumbani mwa Potifari, alikimbia na kuliacha vazi lake. Afadhali kupoteza nguo kuliko kupoteza agano. Ninyi mnaokaa miezi mingi machimboni au katika biashara, mfikirini Yozefu. Ile inayoitwa biro ya pili huanza kama mchezo. Mwisho wake ni watoto wa nyumba mbili wasio na feza ya masomo.

Tena, kulinda agano si kumfunga mke kwa kamba. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, anamtaka mwanamume ampende mke wake jinsi Kristu alivyolipenda Kanisa hata akajitoa kwa ajili yake. Kristu hakulipiga Kanisa lake. Mwenye kuinua fimbo juu ya mke wake amevunja agano, hata kama analala nyumbani kila usiku.

Nasi wazazi tukiri kosa letu. Kwa wazee wetu, mali ya arusi ilikuwa alama ya koo mbili kushikana mikono. Sisi tumeigeuza kuwa bei. Vijana wetu wanaishi pamoja miaka na miaka, wanazaa, wala hawakaribii Ekaristia, kwa sababu baba mkwe angali anahesabu mbuzi. Hata Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, ilikubali ndoa ifungwe mali ikiwa imetolewa sehemu tu. Je, sisi wakristu tuwe wagumu kuliko sheria?

Kwa hiyo, katika yubile hii, tunaomba mambo matatu. Aliye mbali na nyumba yake arudi. Mzazi anayedai alegeze mkono, watoto wake wapate kuifikia altare. Na kila jioni bwana na bibi wasimame kusali pamoja, kama Tobia na Sara walivyofanya usiku wa arusi yao kabla ya kulala.

Bikira Maria, aliyeona kule Kana kwamba divai imekwisha, aziangalie nyumba zetu zilizopungukiwa, na kumwambia Mwanae. Amina.