Mwenzako Akigonga, Achilia
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi)

Tumeombwa tuseme machache juu ya judo, kwa kuwa vijana katika baadhi ya vikundi wanataka kuuanzisha mchezo huu. Nao wazazi wanauliza: Watu wanakabana shingo na kubwagana chini, faida iko wapi? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu bila kuficha hatari.

Judo ilianzishwa Tokyo, nchini Japani, mwaka 1882 na mwalimu kijana, Kano Jigoro, akiwa na umri wa miaka 21. Alianza na wanafunzi 9 katika chumba cha mikeka 12 kwenye hekalu la Eishoji. Alichukua mbinu za zamani za kupigana mikono mitupu, akaziweka kando zile za kuumiza mno katika mazoezi ya kushindana, ili watu watumie nguvu zao na kesho warudi tena wakiwa wazima. Mwaka 1922 alitangaza msingi wa mchezo huo: faida ya wewe na mimi kwa pamoja.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Judo haifundishiki peke yako. Lazima mtu akuazime mwili wake umbwage, umkabe. Leo yeye, kesho wewe. Na kitu cha kuazima, sote twajua, hurudishwa kizima.

Sasa tuone mazoezi yenyewe.

Kwanza, kuanguka. Mgeni asibwagwe kabla hajajua kuanguka. Aanze akiwa amechuchumaa, halafu amesimama, ndipo abwagwe polepole. Akianguka chali, akunje kidevu kifuani na kuangalia mshipi wake, kisogo kisiguse chini. Mkono mzima upige mkeka pamoja na mgongo, huku akitoa pumzi. Asitangulize kiganja kujizuia, maana hivyo ndivyo mikono na mitulinga huvunjika. Tena msifanyie kwenye saruji wala udongo mkavu. Tumieni mikeka minene ya mchezo. Magodoro yanayoachana katikati nayo ni mtego, mguu huingia ufani.

Pili, kubwaga. Hauhitaji nguvu za ng'ombe. Unamvuta au kumsukuma mwenzako mpaka asimame vibaya, unaingiza mwili wako mahali pake, ndipo unambwaga. Lakini kazi haijaisha. Ule mkono ulioshika vazi lake usiachie. Vuta juu anapoanguka, ili kichwa kisitangulie, wala usimwangukie. Mwenye mwili mkubwa asimbwage mdogo kana kwamba wako sawa.

Tatu, kukaba. Kukaba kunakofundishwa vizuri hakulengi koromeo. Kunabana mishipa mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo. Damu ikipungua kufika kwenye ubongo, mtu anaweza kuzirai kwa sekunde 10 hivi, pengine kabla hata ya kusikia uchungu mwingi. Ndiyo maana kuna ishara. Anayekabwa hugonga kwa kiganja, mara mbili au zaidi, kwenye mwili wa mwenzake au kwenye mkeka. Mikono ikiwa imebanwa, hugonga kwa mguu au husema. Ukigongewa, achilia papo hapo. Usiongeze kidogo kwanza, usiulize kama ni kweli. Naye anayekabwa agonge mapema, kwani kugonga si aibu. Ukiona mwenzako amelegea bila kugonga, achilia vilevile. Mlazeni, msimmwagie maji, msimpe kinywaji. Kwa kawaida huamka mara moja. Akikawia, apelekwe hospitalini upesi. Hata akiamka, mazoezi ya siku hiyo kwake yamekwisha, na aonwe na daktari. Watoto wadogo wasifundishwe kukaba kabisa.

Jamani, haya hatuyasemi kwa kutisha watu. Huko huko Japani, kati ya mwaka 1983 na 2010, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kutokana na judo shuleni. Wengi waliumia kichwa, na wengi walikuwa wageni wa mwaka wa kwanza. Miongoni mwao walikuwamo waliolalamika kichwa kinauma, na bado wakaendelea kubwagwa. Mwaka 2010 wazazi wa waathiriwa waliungana wakaunda chama chao, wakadai usalama wa watoto. Walifanya kama tufanyavyo sisi vikundini: shida ya mmoja wakaifanya ya wote.

Kwa hiyo, aliyepigwa kichwa asirudi mkekani siku hiyo. Akitapika, akisinzia, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo baya zaidi.

Basi, kwa wazazi waliouliza faida, jibu letu ni hili. Kijana anayefunzwa vizuri hujifunza kuwa na shingo ya mwenzake mikononi na kuiachia kwa mgongo mmoja wa kiganja. Anayefunzwa vibaya hujifunza kuumiza tu, na heri asifunzwe.

Kabla ya kuanza, kikundi kikae chini kijadiliane maswali haya:

1. Mwalimu wetu amejifunza wapi, na ni nani anayemjua?
2. Tuna mikeka ya kutosha, au tungoje hadi tuchange fedha?
3. Mtu akiumia, gari litatoka wapi, na nani atamsindikiza?
4. Ni nani mwenye amri ya kusimamisha mazoezi, hata mwalimu akikataa?

Mkikosa jibu la swali hata moja, ngojeni.